Dishi la Zamani la Futi Sita: Ligeuze Liwe Darubini ya Redio

Tangu ving'amuzi vyenye madishi madogo vienee, madishi ya futi sita na nane yamebaki juu ya mapaa yakianikiwa nguo, na mengine yanauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Usiliuze lako. Yalitengenezwa kwa masafa ya karibu 4 GHz, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 7.5. Gesi ya hidrojeni iliyotapakaa katika galaksi yetu inatoa wimbi refu zaidi: 1420.406 MHz, yaani sentimita 21.1. Kwa wimbi hilo, dishi lililobonyea kidogo bado linafaa. Bonde la sentimita moja halina neno, na wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita mbili unatosha kabisa. Ghana walifanya jambo hilihili kwa ukubwa wa kitaifa: antena ya mawasiliano ya mita 32 iliyoko Kuntunse iligeuzwa darubini ya redio na kuzinduliwa mwaka 2017.

Kinachoamua mafanikio ni kopo la kupokelea mawimbi, linalokaa mahali ilipokuwa LNB, yaani kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi. LNB ya zamani haifai kwa masafa haya, ing'oe.

Tafuta kopo la bati la maziwa ya unga lenye kipenyo cha ndani kati ya sentimita 15 na 16. Chini ya sentimita 12.4 wimbi halipiti kabisa. Juu ya 16.2 linaanza kupita kwa mtindo mwingine na mapokezi yanavurugika. Kopo moja kwa kawaida ni fupi, kwa hiyo kata kitako cha la pili, uyaunge yawe bomba moja lililozibwa upande mmoja. Unga kwa lehemu kuzunguka mshono wote. Utepe wa alumini peke yake haufai kwa sababu gundi yake inatenganisha mabati, na umeme wa wimbi unahitaji kupita pale bila kukatika.

Vipimo vinategemea kipenyo. Kopo la sentimita 15 linataka urefu wa 28, na tundu la kipokeo (kipande cha shaba kinachonasa wimbi ndani ya kopo) liwe sentimita 9.3 kutoka kitako. La 15.5: urefu 26.3, tundu 8.8. La 16: urefu 25, tundu 8.3. Pima kitako kwa ndani. Ukipima kwa nje, ukingo wa bati unakuibia milimita kadhaa.

Kwenye tundu funga soketi ya SMA (soketi ndogo ya kebo za mawimbi) ya kufungwa kwa skrubu, kisha lehemu kwenye pini yake kipokeo, yaani kipande cha shaba kutoka waya wa nyumba wa 2.5 mm², ule wenye uzi mmoja mgumu. Kikate kwa sentimita 5.3, halafu kipunguze nusu milimita kwa nusu milimita huku ukikipima kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, mpaka mawimbi yanayorudi kwenye 1420 MHz yashuke chini ya desibeli −10. Ukifika −15, acha. Usipokuwa na kifaa hicho, kata sentimita 5.1 na uendelee, utapoteza kidogo tu. Hakikisha kipande kimesimama wima katikati, hakijainama kuelekea kitako.

Mfuniko wa plastiki uliokuja na kopo urudishe mdomoni: mawimbi yanapita, mvua na nyigu hawaingii. Toboa tundu dogo upande utakaokuwa chini ili maji ya umande yatoke.

Sasa tafuta mahali pa kuliweka kopo. Vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo wa dishi, pima kina kutoka uzi hadi katikati. Kipenyo kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa kina mara 16. Dishi la sentimita 180 lenye kina cha 30 linatoa 67.5, hapo ndipo mawimbi yanapokutana, na mdomo wa kopo uwe hapo au upapite sentimita moja kuelekea dishi. Acha nafasi ya kulisogeza, utarekebisha baadaye.

Kikuza-mawimbi ndicho usichopaswa kubania. Nunua chenye kichujio cha 1420 MHz ndani yake, kama SAWbird+ H1, kwa sababu minara ya simu iko karibu kila mahali na kikuza kisicho na kichujio kinalemewa. Kifunge moja kwa moja kwenye soketi ya kopo. Wengi wanakosea hapa: wanaweka kikuza chini karibu na kompyuta, na mita kumi za kebo zinameza ishara kabla haijakuzwa. Baada ya kikuza, kebo ya kawaida ya dishi, RG6, inatosha kwa mita 10. Inaishia kwenye kipokezi cha RTL-SDR, kile kidogo cha kuchomeka USB ya kompyuta, chenye saa thabiti ya TCXO na uwezo wa kupeleka umeme wa kikuza kupitia kebo. Umeme huo unawashwa kwa programu. Ukisahau, kikuza kinazimika na utaona mstari mtupu siku nzima.

Kabla ya kutafuta hidrojeni, jaribu mfumo. Elekeza dishi anga tupu, kisha ukuta au miti minene. Kiwango cha kelele kinapaswa kupanda angalau desibeli 3. Kisipopanda, kasoro iko kwenye lehemu, kikuza au umeme wake, na hakuna haja ya kuendelea. Halafu lenga jua, ukijua umefika pale kivuli cha kopo kinapoanguka katikati ya dishi. Tarajia ongezeko la desibeli 3 hadi 5. Sogeza kopo mbele na nyuma sentimita moja moja, na likaze pale jua linapotoa kiwango kikubwa kuliko kwingine.

Kurekodi, amri hii ya programu ya rtl_power kwenye kompyuta inatosha:

rtl_power -f 1419.7M:1422.1M:4k -g 40 -i 60 -e 12h anga.csv

Katikati ya masafa hayo ni 1420.9, si 1420.4, kwa makusudi: kipokezi kina mwiba wake wa uongo katikati, nawe hutaki ukae juu ya hidrojeni. Ukuzaji umewekwa kwa mkono ili usibadilike wenyewe. Dakika moja kwa kila kipimo inatosha Njia Nyeupe, yaani ukanda wa galaksi yetu angani, ikiwa mbele ya dishi. Zima taa za LED na chaja za jirani, endesha kompyuta kwa betri. Masafa ya 1400 hadi 1427 MHz yanalindwa kimataifa na hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. Mwiba mwembamba utakaouona mara nyingi unatoka ndani ya nyumba yako.

Huhitaji mota. Kitovu cha galaksi, kwenye kundinyota la Mshale, kinapita upande wa kusini kwa mwinuko wa nyuzi 68 ukiwa Dar es Salaam, 65 Mombasa, 62 Nairobi. Katikati ya Juni hupita karibu saa sita usiku. Katikati ya Septemba, saa kumi na mbili jioni. Funga dishi hapo, acha dunia izunguke. Dishi la futi sita linaona upana wa nyuzi nane hivi, kwa hiyo unapata zaidi ya nusu saa.

Usilisogeze kwa saa saba zinazofuata. Baada ya muda huo, sehemu ya anga yenye hidrojeni kidogo sana inapita karibu mwinuko uleule. Toa hicho cha pili kwenye kipimo cha kwanza (namba za faili ni desibeli, hivyo unatoa, hugawanyi), na milima yote inayotokana na kichujio na kebo inafutika. Inabaki nundu ya hidrojeni. Bila hatua hii, wengi wamekuwa nayo kwenye faili na hawakuiona.

Kuelekea kitovu, nundu inakaa karibu na masafa yake ya asili, maana gesi ya upande huo inapita kwa ubavu. Elekea Msalaba wa Kusini upate vilele zaidi ya kimoja. Kila 4.74 kHz kutoka 1420.406 MHz ni kilomita moja kwa sekunde: masafa yakishuka, gesi inatukimbia; yakipanda, inakuja. Kabla ya kuandika mwendo wowote toa mwendo wa dunia kulizunguka jua, unaoweza kusogeza kilele hadi 140 kHz kutegemea mwezi na mwelekeo.

Ukipata dishi la pili, liweke mita nne mashariki au magharibi ya la kwanza, kopo na kikuza vya aina ileile, vipokeo vya shaba vikilala kuelekea upande mmoja na kebo za urefu sawa. Unganisha kebo kwa kigawanyaji cha dishi cha 5–2400 MHz kilichogeuzwa kinyume, kipokezi kikiwa kimoja. Kila kikuza kipate umeme wake kutoka power bank, na umeme wa kipokezi uzimwe. Jua likipita mbele, kiwango kitapanda na kushuka kila baada ya dakika 12 hivi. Ni kanuni ileile inayounganisha madishi 64 ya MeerKAT, darubini ya redio iliyoko Afrika Kusini.