Jinsi ya kuhesabu theluthi mbili

Kabla ya kushika kikokotoo, soma hadi mwisho kifungu cha katiba kinachoeleza kura zinazotakiwa. Ukiona “theluthi mbili”, jiulize: ya nani?

Chukua chama chenye wanachama 40. Mkutanoni wamefika 25, na kura ilipopigwa, 4 hawakuunga mkono wala kupinga. Katiba ya chama ikisema “ya waliopiga kura”, unahesabu 21, na kura 14 zinatosha. Ikisema “ya waliohudhuria”, unahesabu 25, kwa hiyo zinatakiwa 17. Ikisema “ya wanachama wote”, zinatakiwa 27. Hapo hata hao 25 wakisema ndiyo kwa sauti moja, hoja imeanguka. Heri kuahirisha mkutano.

Hesabu yenyewe ni fupi: zidisha kwa 2, gawanya kwa 3, na ukibaki na sehemu, panda hadi namba nzima inayofuata. Usishuke kamwe, na usitumie asilimia 66 kama njia ya mkato. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 wenye kura (Spika hapigi). Theluthi mbili yao ni 233. Kwa asilimia 66 utapata 231, na hizo kura mbili zinatosha kukupeleka mahakamani.

Idadi hiyo ya 233 ndiyo iliyohitajika Oktoba 2024 kupitisha bungeni hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua madarakani: 281 waliunga mkono, 44 wakapinga. Linganisha na mswada wa kawaida. Akidi, yaani idadi ndogo kabisa inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni wabunge 50, basi wakiwamo hao tu na wote wakapiga kura, 26 wanaupitisha. Lakini kizingiti kikiwa cha wabunge wote, aliyejizuia na aliyelala nyumbani wanahesabika sawa na aliyepinga, ndiyo maana viranja wa vyama, wanaowahimiza wabunge wao wafike na kupiga kura, hukesha kwenye simu.

Vizingiti hupanda pia. Kurefusha hali ya hatari Kenya mara ya kwanza kunataka theluthi mbili ya wabunge wote. Mara zinazofuata, robo tatu, yaani 262.

Tanzania ina mtego wake. Mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi kwa theluthi mbili ya jumla: yanataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Upande mmoja ukipungukiwa, wingi wa upande wa pili hauufidii.

Mkiandika katiba ya chama chenu, elezeni pia kama mwanachama asiyelipa ada anahesabiwa miongoni mwa “wote”. Na siku ya kura, katibu asome idadi inayotakiwa na kuiandika kwenye kumbukumbu kabla mkono wa kwanza haujainuliwa.