Kampuni ndogo Marekani: kabla ya kulipia ripoti ya wamiliki, soma hapa

Kazi yangu ni kuweka vitabu vya hesabu vya biashara ndogo za Wakenya, Watanzania na Wakongomani hapa Minneapolis: saluni, malori, kampuni za kuhudumia wazee nyumbani. Swali linalonifikia kila mara ni hili: ile ripoti ya wamiliki inayopelekwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia fedha haramu, bado tunadaiwa? Wengi wenu hamdaiwi. Hakikisha mwenyewe namna hii.

Toa cheti cha usajili wa kampuni, utazame kilitolewa wapi. Kama ni Minnesota, Texas au jimbo lolote la Marekani, umeondolewa. FinCEN ilitoa kanuni ya muda Machi 2025 na kuzitoa kampuni zote zilizoundwa nchini humu. Kabla ya hapo, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilitaka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani na picha ya kitambulisho cha kila mwenye asilimia 25 au zaidi ya umiliki, na cha kila mwenye usemi mkubwa katika uendeshaji. Naelewa shabaha yake, maana pesa za wizi, zikiwemo za kutoka kwetu, hufichwa katika kampuni za jina tu. Lakini kampuni yenye ofisi hapa, wafanyakazi zaidi ya 20 na mapato ya zaidi ya dola milioni 5 ilisamehewa tangu mwanzo, huku msusi mwenye viti viwili akitishiwa faini ya kila siku. Hilo halikuwa haki.

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: mtu ana pasipoti ya Kenya, au bado anasubiri hifadhi, anadhani kampuni yake inahesabiwa ya kigeni. Hapana. Kinachoangaliwa ni mahali kampuni ilipoundwa. Wewe unaweza kuwa umezaliwa Kisii au Bukavu. LLC yako (kampuni ya dhima yenye kikomo) ya Minnesota ni ya Marekani.

Inayodaiwa bado ni kampuni iliyoundwa nje, tuseme Nairobi au Dar es Salaam, kisha ikasajiliwa kufanya biashara katika jimbo fulani hapa. Hiyo ina siku 30 tangu ipate taarifa kwamba usajili umekubaliwa. Ripoti hujazwa kwenye tovuti ya FinCEN yenyewe, bila malipo. Wamiliki walio raia au wakazi wa Marekani hawaorodheshwi.

Sasa barua. Tafadhali, mzishike kwa tahadhari kubwa. FinCEN imeonya kuhusu barua za matapeli zinazotaja "Fomu 4022", fomu ambayo FinCEN haina kabisa, na nyingine zenye msimbo wa QR wa kuskani. Usiskani, usilipe, na usimtumie mtu yeyote picha ya leseni yako ya udereva. Mwite mtu unayemwamini aisome kwanza, hasa kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua.

Kuondolewa huku hakugusi mambo ya jimbo. Minnesota, LLC huhuishwa kila mwaka kabla ya 31 Desemba. Ukiwahi hulipi chochote, ukiacha kampuni inafutwa. Benki nayo itaendelea kukuuliza wamiliki unapofungua akaunti, kwa sababu hiyo ni kanuni nyingine, inayotumika tangu Mei 2018.

Kama uliripoti mwaka 2024 na kampuni yako iliundwa hapa, huna haja ya kusahihisha hata ukihama nyumba, ila usitupe risiti. Kilichobadilika ni kanuni. Sheria yenyewe, ile ya 2021, hufutwa na Bunge. Seneta Tommy Tuberville na Mbunge Warren Davidson walipeleka muswada wa kuifuta, na ofisi ya mbunge wako hupokea simu ya mkazi yeyote wa eneo lake, hata asiye raia. Kwenye faili lako weka cheti cha usajili, orodha ya wamiliki na hisa zao, makubaliano mliyotia sahihi, na risiti hiyo ya FinCEN.