Kutoa histoni kwenye seli na kusoma alama zake

DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni (H2A, H2B, H3 na H4), nane nane, jozi-besi 147 kwa kila fundo. Mikia ya histoni huchomoza nje, na hapo ndipo makundi ya protini huweka alama. Kundi moja, PRC2, kupitia kimeng'enya chake EZH2, hubandika methili tatu kwenye lisini ya 27 ya H3 na jeni hunyamaza. Kimeng'enya P300 kikibandika asetili pale pale, jeni huamka. DNA ikikatika, kimeng'enya ATM huweka fosfeti kwenye serini ya 139 ya H2AX (aina ya H2A), nacho TIP60 huitia H4 asetili ili kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake, ilegee, ukarabati upate nafasi.

Kazi nyingi huharibika kabla seli hazijaguswa, kwa kuvuna wakati usiofaa. Ukitumia kizuizi cha EZH2 kama tazemetostat, usivune kesho yake. Dawa huzuia kuandika, haifuti kilichokwisha kuandikwa. Methili hupungua kadiri seli zinavyogawanyika na kupokea histoni mpya. Ngoja siku 3 au 4. Fosfeti ya H2AX ni kinyume chake: hupanda ndani ya dakika, kilele kikiwa kama nusu saa baada ya mionzi.

Chukua seli milioni 10, uzioshe kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi. Zipasue kwenye mililita 1 ya PBS yenye Triton X-100 (sabuni ya kupasua utando wa seli) asilimia 0.5, PMSF (kizuizi cha protiesi, vimeng'enya vinavyokata protini) milimola 2 na sodiamu butireti milimola 5, dakika 10 juu ya barafu. Butireti huzuia vimeng'enya vinavyong'oa asetili. Ukitafuta fosfeti, ongeza na vizuizi vya fosfatesi, vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti. PMSF itie mwisho kabisa, maana hufa upesi ndani ya maji.

Zungusha kwa g 6,500, dakika 10, nyuzi 4. Mwaga maji ya juu: viini vya seli vimebaki chini. Vioshe mara moja zaidi, kisha uvivuruge kwenye mikrolita 250 za asidi hidrokloriki ya 0.2 N na uache usiku kucha kwenye nyuzi 4. Asidi huyeyusha histoni, ila DNA na protini nyingi nyingine huganda. Asubuhi zungusha tena, na safari hii usimwage maji ya juu. Histoni zimo humo. (Wanaoanza huzimwaga hapa, kwa mazoea ya jana.) Tia mikrolita 25 za NaOH ya 2 M kuua asidi. Rangi ya kupakilia ikigeuka njano, asidi bado ipo na mistari itapinda.

Sasa soma alama kwa western blot: pakia mikrogramu 2 hadi 5 za histoni kwenye jeli ya asilimia 15 ya kutenganisha protini, kisha zihamishie kwenye utando zisomwe kwa kingamwili ya alama unayoitafuta. Utando uwe wa matundu ya mikromita 0.2, kwenye 0.45 protini ndogo hivi hupenya na kupotea, ukadhani kingamwili ndiyo mbovu. Kwa alama ya fosfeti ziba utando kwa BSA (albumini ya damu ya ng'ombe), si maziwa, kwani kaseini, protini ya maziwa, yenyewe ina fosfeti.

Kipimo cha ulinganifu ni H3 nzima. Aktini, protini inayotumiwa kwa kawaida, haifai, nyingi imebaki kwenye maji uliyoyamwaga mwanzoni. Ukiona mstari wa pili chini kidogo ya H3, mkia huenda umekatwa na protiesi: rudia kwa PMSF mpya na barafu ya kutosha.