Kumwajiri mpulizia dawa ya mbu Houston: mambo ya kukagua kabla ya kusaini

Anayehamia Houston kutoka Mombasa au Dar es Salaam hashangazwi na joto wala mbu. Kinachomshangaza ni saa za kuumwa. Nyumbani tumezoea mbu wa malaria, ambaye huja usiku na tunamkinga kwa chandarua. Huku msumbufu wa uani ni Aedes, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni watoto wakiwa nje. Mbu mwingine, Culex, huuma usiku, na ndiye mwenezaji mkuu wa virusi vya West Nile, vilivyoingia Marekani mwaka 1999 na kuitesa sana Texas mwaka 2012.

Kabla ya kumpigia mtu simu, zunguka nyumba utafute maji. Aedes haruki mbali, kwa kawaida hata mita 200 hafiki, kwa hiyo anayekuuma amezaliwa kwako au kwa majirani. Wakati wa joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Mwaga maji kila wiki: visahani vya maua, tairi, mikunjo ya turubai, gata zilizozibwa na majani. Sehemu inayosahaulika zaidi ni yale mabomba meusi ya plastiki yenye mikunjo yanayotoa maji ya gata mbali na msingi wa nyumba. Kila mkunjo hubakiza maji kidogo, na viluilui hawahitaji zaidi ya hapo. Kama umepanga nyumba, mwandikie mwenye nyumba kwanza na usome mkataba wa pango, kwani huenda kazi hii ni yake.

Texas, anayepulizia dawa majumbani kwa malipo lazima awe na leseni ya Texas Department of Agriculture, idara ya kilimo ya jimbo. Omba namba ya leseni ya kampuni na uihakikishe kwenye tovuti ya idara hiyo. Omba pia cheti cha bima. Kijana anayekukatia nyasi akisema anaweza kupulizia pia kwa bei ndogo, mkatalie kwa upole. Akiunguza bustani ya jirani au kuua samaki wa bwawa lake, mzigo unaweza kukuangukia wewe.

Mtaalamu mzuri utamjua dakika kumi za kwanza. Hutembea uani mikono mitupu, huinua vifuniko, huchungulia gata, hukuuliza unaumwa saa ngapi na upande gani. Anayekutajia bei kwa simu bila kuuona ua anauza dawa tu, na dawa bila kuondoa mazalia ni hela ya kurudia kila mwezi. Penye maji yasiyoweza kumwagwa, atumie vidonge vya Bti, bakteria wanaoua viluilui. Kile kidonge cha duara cha kawaida hutosha takriban mita 9 za mraba za uso wa maji kwa siku 30.

Muulize jina la kiambato kinachoua na namba ya usajili ya EPA, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, iliyo kwenye lebo. Mara nyingi utasikia bifentrini au nyingine ya jamii ya pairethroidi, ambazo zilibuniwa kwa kuiga pareto, maua yaleyale yanayolimwa Nakuru na Iringa. Pairethroidi hushika kwenye majani kwa takriban wiki tatu. Ukiuziwa huduma ya “asilia” yenye pareto halisi, jua kwamba jua huivunja haraka. Huua mbu waliopo leo, lakini haiachi kinga ya wiki kadhaa.

Hapa wengi wetu tunakosea: tuna mchicha, sukuma wiki na matembele nyuma ya nyumba. Dawa nyingi za vichakani hazijaidhinishwa kwa mboga za kuliwa. Mwonyeshe fundi kitalu chako kabla hajawasha mashine, mkubaliane umbali, na mwandike kwenye mkataba. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki na nyuki, kwa hiyo asipulizie maua yaliyochanua wala karibu na bwawa. Paka pia waingizwe ndani, kwa kuwa permetrini, nayo ya jamii ya pairethroidi, huwadhuru sana ikiwa haijakauka.

Siku ya kazi, anua nguo, ondoa midoli na vyombo vya maji vya mbwa, funga madirisha. Fundi hubeba mashine ya mgongoni na hulenga upande wa chini wa majani, vichaka vyenye kivuli na chini ya baraza, maana ndiko mbu hupumzika. Akipulizia hewani au katikati ya nyasi, msimamishe. Upepo ukiwa mkali au mvua ikikaribia, aahirishe. Hakuna anayetoka nje mpaka dawa ikauke.

Mbu wakirudi baada ya siku nne, sababu kwa kawaida ni mvua iliyonyesha kabla dawa haijakauka, majani yaliyorukwa, au mazalia kwa jirani. Kinyunyizio cha bustani kinachojiwasha alfajiri nacho huosha dawa. Kizime siku moja.

Kuhusu mkataba, linganisha kampuni tatu kwa bei ya kila ziara, si bei ya mwezi. Soma kipengele kinachofanya mkataba ujirefushe wenyewe. Ukisainishwa mlangoni na mchuuzi, sheria ya serikali kuu hukupa siku tatu za kazi kufuta ununuzi wa nyumbani wa dola 25 au zaidi. Iandikwe wazi kwamba wakirudi mbu kabla ya muda uliokubaliwa fundi atarudia bila malipo, na kwamba kila ziara ataacha karatasi yenye tarehe, jina la dawa, kiasi na sehemu alizopulizia.