Somo: Kutandaza travatini nje ya nyumba

Travatini ni jiwe lililozaliwa na maji. Chemchemi yenye chokaa nyingi ikitoka ardhini hupoteza gesi yake, chokaa ikaganda tabaka juu ya tabaka, na mapovu yakaacha vile vitundu tunavyoviona. Koloseo, uwanja wa kale wa Roma uliokamilika mwaka 80 baada ya Kristo, lilijengwa kwa travatini ya Tivoli, mji ulio karibu na Roma, na bado limesimama. Basi ukiona sakafu ya nje imetitia, shuku kwanza kilicho chini yake.

Hatua ya 1: Jiwe. Chukua lenye unene wa sentimita 3, uso wake ukiwa na mkwaruzo kidogo. Lililong'arishwa libaki ndani, maana likilowa linateleza vibaya.

Hatua ya 2: Msingi. Hapa usiwe na haraka. Chimba uondoe udongo wote laini, kisha uupe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji yakimbie mbali na ukuta. Mteremko upimwe kwenye udongo wenyewe. Wengi huusubiri waurekebishe kwa mchanga. Mchanga unakuwa mnene huku na mwembamba kule, na mvua ikija mawe yanazama kwa viwango tofauti. Mwaga kokoto zenye vumbi lake, shindilia kwa mashine tabaka moja moja mpaka zifike sentimita 10 hadi 15. Ukikanyaga kwa kisigino, alama isibaki.

Hatua ya 3: Mchanga. Sentimita 3 za mchanga mkali, wenye chembe nene, uliosawazishwa kwa ubao. Ukishasawazisha usiukanyage.

Hatua ya 4: Kupanga. Fungua makasha kadhaa kwa pamoja na uchanganye mawe, kwa sababu rangi hubadilika kutoka kasha hadi kasha. Vuta uzi, gonga kwa nyundo ya mpira, acha nafasi ya milimita 3 hadi 5. Kata kwa diski ya almasi yenye maji. Funga kingo zote kwa zege, kisha fagilia mchanga kwenye nafasi.

Hatua ya 5: Dawa ya kuzuia madoa. Tumia inayopenya ndani ya jiwe, na jiwe liwe limekauka kabisa. Inayotanda juu kama rangi hufungia unyevu, kisha hubanduka.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, siki ilimwagika, pamebaki alama nyeupe. Nimesugua kwa sabuni haitoki.
Haitatoka, ndugu yangu, kwa kuwa si uchafu. Asidi imekula chokaa ya jiwe. Sugua pale kwa msasa laini wenye maji, kisha upake dawa tena. Kila siku osha kwa sabuni isiyo na asidi. Ndimu na dawa za choo ziwe mbali.

Inafaa kando ya bwawa la kuogelea?
Inafaa sana, ile ya rangi nyepesi haiunguzi nyayo. Bwawa likiwa la maji ya chumvi, suuza mawe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, la sivyo chumvi hukauka ndani ya vitundu na kulimega jiwe taratibu.

Naomba kujua, naweza kupanga juu ya zege la zamani?
Ndiyo, kama halina nyufa na lina mteremko. Tumia gundi nyeupe ya vigae vya nje, ya kijivu huweza kuonekana kupitia jiwe jepesi. Na pale zege lilipoachiwa nafasi ya kutanuka, iachie hiyo hiyo hadi juu ya mawe.