Naomba Nafasi: Adabu za Kuandika Makala katika Gazeti Lisilo Lako

Wasomaji wa zamani wa magazeti ya Kiswahili wanaikumbuka sentensi iliyofungua barua nyingi na mashairi mengi ya wasomaji: "Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika gazeti lako tukufu ili nami nitoe dukuduku langu." Tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni na lililotenga kurasa kwa barua na mashairi ya wasomaji wake, mwandishi asiyeajiriwa na gazeti amekuwa akiingia kwa kubisha hodi. Sishauri mtu aandike "tukufu" siku hizi, lakini fomula ile ilibeba jambo ambalo waandishi wengi wa sasa wanalisahau, kwamba nafasi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana wasomaji aliowakusanya kwa miaka mingi ambao wewe unaomba kukopeshwa kwa dakika tano. Mhariri ataipima heshima yako kwa wingi wa kazi unayompunguzia, wala hatahesabu ni mara ngapi umemwita mheshimiwa.

Kabla ya kuandika lolote, soma matoleo ya mwezi mzima ya gazeti au jarida unalolikusudia, hasa ukurasa unaotaka uwekwe. Angalia makala zina urefu gani, wanaoandika ni watu wa namna gani, na kama mada yako haikuguswa wiki mbili zilizopita na mtu aliyeijua kuliko wewe. Sikiliza pia Kiswahili cha nyumba hiyo. Anayeandikia Taifa Leo la Nairobi atakuta "shule ya upili" na "mshukiwa" pale ambapo msomaji wa Mwananchi la Dar es Salaam amezoea "shule ya sekondari" na "mtuhumiwa". Maneno kama kaunti na gavana hayahitaji maelezo Kenya, ilhali kwa msomaji wa Tabora yanahitaji nusu sentensi. Mgeni hufuata matumizi ya mwenyeji. Kumwandikia mhariri barua ya kumfundisha kwamba Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka ndicho sanifu ni njia ya haraka ya kukosa nafasi, hata kama una shahada tatu za isimu.

Barua ya kupendekeza makala ndiyo inayowashinda wengi, na sababu mojawapo ni mazoea ya ofisini. Tumefundishwa kuandika "YAH:" kwa herufi kubwa, kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya nzima ya kumtakia mwenzetu afya njema, na mhariri anafika mstari wa kumi bila kujua tunataka nini. Barua ya namna hiyo inamfaa afisa utumishi. Mhariri anahitaji kujua mambo manne tu, yaani makala inasema nini, kwa nini wasomaji wake wajali sasa, wewe umeyajuaje hayo, na itakuwa na maneno mangapi. Linganisha mapendekezo haya mawili. La kwanza: "Ningependa kuandika makala kuhusu umuhimu wa lugha na utamaduni wetu." La pili: "Ndugu Mhariri, naomba kukuletea makala ya maneno 800 kuhusu majina ya samaki yanayosikika katika mnada wa Feri, Dar es Salaam. Nimeyakusanya kwa wavuvi na wachuuzi, na nataka kuonyesha kwamba kolekole, tasi na pono ni samaki ambao mnunuzi kijana huwaelekeza kwa kidole kwa kuwa hayajui majina yao. Naweza kuileta Jumatano." La kwanza linaweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu chochote, la pili tayari limemwonyesha mhariri ukurasa ulivyojaa. Kama unalijua jina la mhariri, liandike, na uhakikishe herufi zake. Kama hulijui, "Ndugu Mhariri" inatosha.

Kuhusu urefu, kuna mtego unaowanasa hasa wanaotafsiri makala zao kutoka Kiingereza. Kiswahili hubana katika neno moja mambo ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno manne au matano. "Nitakapowaandikia" ni neno moja kwa hesabu ya kompyuta. Kwa hiyo maneno 800 ya Kiswahili hula nafasi kubwa ukurasani kuliko maneno 800 ya Kiingereza, na mwandishi anayejitetea kwamba hakuzidisha idadi bado anaweza kuwa amemwachia mhariri aya mbili za kukata. Ukiambiwa maneno 800, peleka 780. Ukiambiwa herufi, hesabu herufi.

Wakati nao una adabu yake. Mtu anayetaka kuandika kuhusu Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza Novemba 2021 na kuiweka tarehe 7 Julai, asibishe hodi tarehe 6 Julai, kwa sababu jioni hiyo barua za mhariri zimejaa makala zinazofanana na ukurasa huenda ulishafungwa. Wiki mbili kabla ni muda wa heshima. Ukipewa saa ya mwisho, hakikisha ni saa ya nani: makala inayotakiwa saa kumi jioni ya Nairobi au Dar es Salaam, kwa mwandishi aliyeko London wakati wa kiangazi inatakiwa saa nane mchana wa kwake. Na ukiona utachelewa, sema mapema. Mhariri anaweza kuliziba pengo alilolijua tangu asubuhi. Analoligundua jioni humlazimu kuchapa chochote alicho nacho.

Makala moja ipelekwe kwa mhariri mmoja kwa wakati mmoja. Hili nimelijua kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilituma makala ileile kwa magazeti mawili siku moja, nikijiambia kwamba mmoja hatajibu. Kweli hakuna aliyejibu. Wote wawili waliichapa Jumapili moja, mmoja kwa kichwa nilichokiweka mimi na mwingine kwa kichwa chake. Jumatatu asubuhi mhariri wa kwanza alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na habari kwamba mtu ameniibia makala yangu. Nilimweleza ukweli. Alinishukuru, na barua zangu tatu zilizofuata hazikujibiwa. Upole wake uliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma. Siku hizi nasubiri wiki moja, naandika ukumbusho mmoja wa mistari miwili, nasubiri siku nyingine chache, kisha naandika kwamba naiondoa makala hiyo ili niipeleke kwingine. Simpigii mhariri simu saa za kufunga kurasa, wala simtumi rafiki yake "anisaidie kusukuma", ingawa najua wapo wanaofanikiwa kwa njia hiyo.

Makala ikikubaliwa, itahaririwa. Kichwa ni cha mhariri, hilo ulikubali tangu mwanzo, maana yeye ndiye anayejua upana wa safu na vichwa vingine vilivyo ukurasani. Aya yako ya kwanza, ile uliyoipenda kuliko zote, mara nyingi ndiyo itakayokatwa, kwa kuwa ulikuwa bado unapasha misuli. Pinga pale tu ambapo maana imegeuka au ukweli umeharibika, na unapopinga, leta sentensi mbadala yenye urefu uleule. Mwandishi anayesema "umeharibu makala yangu" hamsaidii mtu. Anayesema "katika aya ya nne, 'wavuvi wote' isomeke 'baadhi ya wavuvi wa Feri'" amemaliza kazi kwa nusu dakika.

Kila jina, tarehe na takwimu uliyoiandika ni dhamana yako, kwa sababu kosa likichapwa, anayeomba radhi mbele ya wasomaji ni gazeti. Weka mwishoni mwa rasimu, nje ya makala, maelezo mafupi ya ulikoyapata mambo yako makubwa ili mhariri ayahakiki bila kukuuliza. Picha usiichukue mtandaoni. Tuma uliyoipiga mwenyewe au uliyoruhusiwa, na umtaje mpigaji. Taja pia maslahi yako. Ikiwa unasifu mradi wa maji na wewe ndiye mshauri wa mradi huo, mhariri alijue hilo kabla ya msomaji kuligundua. Wasifu wako uwe sentensi mbili, na biashara yako ikae humo, isipenyezwe katikati ya makala. Gazeti lina dawati la matangazo, na pale kuna bei.

Malipo na haki huulizwa kabla ya kuchapwa, kwa sentensi moja isiyo na kona: "Naomba kujua kama makala za waandishi wa nje hulipiwa, na kama naweza kuichapa tena baadaye." Hakuna utovu wa adabu hapo, utovu ni kunyamaza, kisha kudai baada ya mwezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinamtambua mwandishi kuwa mwenye haki wa kwanza wa kazi aliyoibuni mwenyewe, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini Kenya, kazi uliyoagizwa uiandike huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ndiyo maana inafaa barua zenu zionyeshe wazi kama ulijipendekeza au uliombwa.

Siku makala inapotoka, mshukuru mhariri kwa mistari miwili, na uwapeleke jamaa zako kwenye gazeti lenyewe. Kunakili makala nzima na kuimwaga katika makundi ya WhatsApp asubuhi ileile ni kumnyima mwenyeji wageni aliowatarajia. Wasomaji wakikosoa, jibu wenye hoja. Na ukigundua kosa ulilolifanya wewe, mwandikie mhariri siku hiyohiyo, ukitaja aya, neno lililokosewa na neno sahihi, hata kama hakuna msomaji aliyeliona.