Katapila kongwe halikati kona: usikimbilie kukaza breki

Katapila la zamani likigoma kukata kona, wengi hushika spana na kukaza breki. Mara nyingi breki haina kosa. Kila upande una klachi yake na mkanda wa breki unaobana ngoma ya klachi hiyo. Unavuta mkono (wenzo wa kuongozea) wa upande huo, klachi inaachia. Unakanyaga breki, mnyororo unasimama, mashine inazunguka upande huo.

Jaribu kwanza uwanja tambarare, gea namba moja. Si mteremkoni: huko ukivuta mkono wa kushoto bila breki, mnyororo wa kushoto hukimbia na mashine huelekea kulia, ukadhani imeharibika.

Vuta mkono wa kushoto wote, kisha kanyaga breki ya kushoto polepole. Injini ikilemewa au kuzimika, klachi haijaachia. Ukikaza breki hapo unaunguza lainingi (bitana ya msuguano) bure. Injini ikienda kwa raha lakini mnyororo hausimami, hapo ndipo breki ina kosa. Na mashine ikijivuta kushoto yenyewe, hujagusa kitu, klachi ya kushoto inateleza au breki yake inakokota. Angalia kama mkono una uchezaji kidogo kabla ya kushika. Usipokuwa nao, klachi haibani sawasawa.

Sasa fungua plagi za chini ya vyumba vya klachi. Kwa mashine zenye klachi kavu, kama Caterpillar D2 na D4 za zamani, pasitoke kitu. (Zenye klachi za ndani ya oili ni habari nyingine, usizioshe.) Maji ya kutu ni mvua ya masika iliyoingilia kwenye mikono au mfuniko. Oili nzito nyeusi ni sili (kizuizi cha oili) inayovuja. Ipi? Pima oili: ikipungua ya giaboksi, sili ya ndani, ikipungua ya gea za pembeni, sili ya nje.

Lainingi zilizolowa oili huoshwa. Rudisha plagi, mimina mafuta ya taa mpaka sehemu ya chini ya ngoma izame, endesha mbele na nyuma dakika tano, ukivuta mikono kwa zamu. Mwaga, acha plagi wazi usiku kucha. Petroli marufuku, cheche moja inatosha. Bila kubadili sili, oili itarudi.

Klachi iliyoganda kwa kutu, jambo la kawaida kwa mashine iliyolala masika nzima karibu na pwani, ipashe moto injini, vuta mkono, kanyaga breki kwa nguvu, kisha isukume kidogo mbele na nyuma mara kadhaa. Ikikataa, fungua, usipige nyundo, itavunja pleti za klachi. Ukiiegesha tena, funga mikono yote miwili nyuma kwa kamba ili pleti zisishikane.

Mkanda wenyewe ukaze mwisho, kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Fanya kazi dakika kumi, kisha sogeza kiganja karibu na kasha la kila upande: lenye moto kuliko jenzake limekazwa mno.